Mtungi Usio na Tundu

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi sana. Habari za huko, na za kazi, na za ile baridi uliyosema inakuingia mpaka kwenye meno? Natumaini u mzima. Nasema natumaini kwa sababu simu yako haipatikani muda mrefu sasa, ndiyo maana nimeshika kalamu kama mtu wa zamani. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu, na ulimi wake haujaumwa hata siku moja.

Sasa nikwambie habari ya ule mtungi wa kioo uliotuachia. Siku ile ulikaa sakafuni ukapanga kokoto chini, juu yake mkaa uliopondwa, kisha mchanga, kisha udongo, ndipo ukapanda mche wako. Kila tabaka lilionekana kwa nje, na hata mimi fundi vioo, mgumu wa kusifu, nilisifu. Ukatuonya kwamba mtungi hauna tundu, maji yasizidi kijiko kwa wiki. Hapo ungenyamaza. Lakini wewe na mdomo wako, ukamkumbatia Mama ukamwambia, "Ukiuona huu mmea ni wa kijani, ujue mimi ni mzima."

Wewe ulikuwa unatania. Mama aliliweka moyoni.

Tangu simu yako ipotee, anauamkia mmea kabla hajatujulia hali sisi. Na unamjua Mama: hakuna aliyevuka kizingiti chake akakosa maji, awe jirani au fundi bomba. Basi mmea nao unapewa. Yeye akinywa glasi, mmea unapata nusu. Nikimkumbusha habari ya kijiko, ananiuliza kama mimi nililelewa kwa kijiko.

Maji yamejaa kwenye kokoto, yakapanda kwenye mkaa, sasa yamefika kwenye mchanga. Tunayaona sote, kioo hakifichi. Jani la chini likageuka njano. Mama akasema unaumwa, akaongeza maji. Jani jingine likafuata, akaongeza tena.

Usidhani nimekaa bure. Nilileta mrija niyanyonye maji, ukazibwa na mchanga. Nikauinamisha mtungi, udongo ukaanza kuteleza, Mama akanishika mkono. Nikasema basi tuung'oe tupange upya; akakataa katakata, kwamba yale matabaka umeyapanga kwa mikono yako. Nikaleta keekee ya kazini nitoboe tundu. Mimi ninayetoboa vioo vya watu kila siku, niliweka ncha kwenye kioo nikaiondoa. Kioo ni chembamba, kikipasuka nitamwambia nini? Nikairudisha keekee kwenye boksi lake.

Wifi yako akashauri ninunue mmea mwingine, niubadilishe kimyakimya. Nilifika kwa muuza miche nikageuka. Mama anayajua yale majani moja moja.

Jana nilimkuta amesimama dirishani penye mtungi na glasi yake, na mimi uvumilivu ukanishinda. Nikamnyang'anya. Nikamwambia, "Mama, unauua huu mmea." Nilitegemea anigombeze, maana hilo ningeliweza. Aliniangalia tu, akauliza, "Na huko aliko, nani anampa maji?"

Nilimrudishia glasi yake.

Wifi yako anakusalimu, anasema ule mtandio wako bado anauvaa na harudishi. Shangazi mkubwa anakusalimu pia, na jirani mshonaji anauliza kama umenenepa, asije akashona nguo ikakubana. Wote hawajui ninayokuandikia humu. Mungu awe karibu nawe kuliko tulivyoweza sisi.

Nimeishiwa mbinu, nakuomba neno moja. Barua hii ikikufikia, azima simu ya mtu yeyote. Usiniulize mimi habari za mmea, uliobaki si wa kuuliza. Mtake Mama kwenye simu. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba huna kiu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinyamaza,
Fundi