Somo la Vioo

Jabe, Bujumbura, 4 Februari 2002

Mudogo wangu Fadhila,

Assalam alaikum. Sisi wazima, alhamdulillah. Mama anaulizia kifua chako na baridi ya Liège. Juma lililopita risasi zililia upande wa Musaga. Madirisha yanavunjika sana, kwa hiyo fundi wa vioo kama mi sikosi kazi.

Ile kopi uliyonitumia ya kitabu cha aljebra ya jiometri nimefika nusu. Ni tamu! Unazidisha mishale miwili, yaani vekta, unapata namba pamoja na uso ulio kati yake. Tena kuzungusha kitu ni kukipitisha kwenye vioo viwili: kinageuka mara mbili ya pembe iliyo kati ya vioo. Nimejaribu dukani, ni kweli. Shule moja ya Kigobe inatafuta mwalimu wa hesabu. Tarehe 20 Machi nitatoa somo la majaribio. Nianze na vioo? We ndiye wa université, niambie.

Kaka yako,
Moosa


Liège, 22 Februari 2002

Kaka Moosa,

Wa alaikum salaam. Kifua kimepona, mwambie Mama.

Usianze na vioo, watakucheka. Maprofesa wetu wanasema aljebra hiyo ni ya watu wachache tu, matrisi, zile safu za namba, zinatosha kwa kila kitu. Mutu anajifunza kwa mpangilio: vekta, matrisi, halafu hayo mengine muda ukibaki. Fundisha matrisi. Niamini, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mudogo wako,
Fadhila


Jabe, 28 Machi 2002

Mudogo wangu,

Salaam nyingi, Mama hajambo.

Nilifundisha matrisi. Namba zikanichanganya ubaoni, nikafuta, nikaandika, nikafuta tena. Directeur wa shule, Monsieur Pierre, akauliza, "Sasa zote hizi zinageuza nini?" Nikageukia ubao, nikasoma namba zile zile. Mi, ninayejua! Wanafunzi wakaangalia chini, afadhali wangecheka. Kazi amepewa mwingine. Kigobe sipiti tena kwa aibu.

Usijilaumu. Ulisema unachojua.

Kaka yako,
Moosa


Liège, 9 Septemba 2002

Kaka,

Assalam alaikum. Sina uso wa kuuliza hali yenu. Barua zako tatu za baadaye nilizisoma, nikazificha.

"Ulisema unachojua." Apana. Nilianguka mtihani wa mwaka wa kwanza mara mbili. Tangu Oktoba ya mwaka jana mi si mwanafunzi, naogesha vikongwe katika nyumba ya wazee. Hakuna profesa aliyeniambia lolote juu ya aljebra hiyo. Kitabu nilikinunua mwenyewe, ukurasa wa tisa ukanishinda, ndipo nikakutumia kopi. Uliposema ni tamu, niliona wivu. Niliandika "watakucheka" kwa sababu nilichekwa mimi.

Siwezi kutia sahihi kama mudogo wako.

Fadhila


Jabe, 3 Novemba 2002

Fadhila,

Salaam. Sote wazima. Mama sijamwambia, barua hiyo utaiandika we.

Nilikasirika wiki tatu, sitaficha. Halafu nikajiuliza: vioo nilivishika kwa mikono yangu, niliona ni kweli, mbona niliviacha kwa neno la mutu aliye Ulaya? Aibu hiyo ni yangu, usinibebee.

Ukurasa wa tisa hata mi ulinishinda. Niliuruka, nikaurudia baada ya kufika wa ishirini. Chora mishale miwili, bila namba yoyote. Zidisha wa kwanza kwa wa pili, halafu wa pili kwa wa kwanza: uso ni ule ule, lakini unazunguka upande mwingine. Kaa hapo siku nzima kama inabidi. Halafu niandikie ulipokwama. Usiniandikie ulipofika.

Kaka yako,
Moosa