Alhamisi ya Sinaw

Alhamisi, baada ya magharibi

Wanafunzi kumi na wanane, na sikupata saini ya mzazi hata mmoja.

Siku niliichagua mwenyewe. Niliwaandikia wazazi waje leo asubuhi skuli ya Sinaw, huku Omani, watie saini mbele yangu, ili watoto waanze masomo yetu ya chuo kikuu wangali sekondari. Nimekaa na viti vitupu mpaka adhuhuri. Mwalimu mkuu kaniletea kahawa, akaona haya kusema kwa nini hawaji. Mlinzi ndiye aliyeniambia: "Leo soko la mifugo, ustadha."

Miaka minne nakwenda Sinaw, na hilo sikuliuliza!

Nimempigia Mama, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umewaita mabedui wa ngamia Alhamisi? Siku hiyo hata harusini hawendi."

Mimi sicheki. Usajili unafungwa Jumapili, kesho na keshokutwa skuli hazifunguliwi, na mkuu wa idara keshasema haongezi hata saa moja. Wale watoto wakikosa mwaka huu, ndiyo basi, wanamaliza skuli. Nitawaambia nini? Kwamba mimi...

Na yule binti, Zuwena, mmoja wa wale kumi na wanane. Alinifuata mpaka garini, hakunilaumu. "Baba yuko sokoni, kwenye ngamia. Wazazi wote wako huko. Nikupeleke?"

Nikaiangalia abaya yangu mpya, nikafikiria vumbi la mifugo, nikamwambia nina haraka.

Nilikuwa na haraka gani? Wazazi wote walikuwa mahali pamoja, mwendo wa dakika tano kwa miguu, na fomu ninazo mkononi. Nikapanda gari, nikarudi chuoni Nizwa.