Philemoni Nnko: Mwaka Mmoja Tangu Tunyimwe Uso Wako

Mwaka mmoja umetimia, Baba Irine, tangu tukuzike kihambani, kwenye shamba la ukoo wenu, Meru, ndani ya jeneza lililopigwa misumari kabla hatujakuaga.

Tunakukumbuka kwa upole wako. Ulikuwa fundi wa vitanda hapa Ngarenaro, Arusha, na mteja akilalamika ulimkalisha, ukampa chai, kisha ukaanza upya bila kununa. Watoto uliwachekesha kwa kuigiza mwendo wa kila jirani, hata wa mchungaji. Ulisali kabla ya kula, hata kama ni muhindi wa kuchoma.

Tunakukumbuka zaidi kwa kazi ya kikundi chenu cha maigizo. Mara mbili kwa mwaka mlifunga ngoma zenu mkaenda visiwani, Ziwa Viktoria, kwenye kambi za wavuvi wa sangara, kuwaeleza watu habari za UKIMWI. Wewe uliigiza mgonjwa. Mchezo wenu haukuwa na mwisho. Ulilala kwenye mkeka, mwenzako akawauliza watazamaji, "Huyu tumfanyeje?" Hamkuondoka mpaka wao wenyewe wapande jukwaani waumalize.

Barua zako kutoka huko, mimi mkeo nilikuwa nikisomewa na jirani. Mwaka huu, baada ya masomo ya jioni, nimezisoma mwenyewe, polepole. Katika moja unasimulia mvuvi aliyepiga kelele, "Mtupeni ziwani!" Mama mmoja muuza samaki akamjibu, "Anza wewe, unavyonuka hata mamba hatakutaka!" Watu wakavunjika mbavu. Mama yule akapanda, akakuinua kichwa, akakunywesha uji aliotoka nao nyumbani kwake. "Kwanza anywe," akasema. "Maneno yenu baadaye." Uliandika kwamba ulisahau kuigiza, ukalia.

Kaka yako mkubwa alikuona ukicheza mara moja tu, hapa Arusha. Kesho yake alipeleka sahani na kikombe cha bati nyumbani kwa mama, Meru, akasema ni vyako peke yako.

"Kaka, yale ni maigizo," ulimwambia.

"Mtu haigizi vizuri namna ile kitu asichokuwa nacho."

Maneno hayo yalishuka mlimani mpaka karakanani kwako, na wateja wakaanza kupungua. Ulisema mwigizaji akisifiwa hivyo inabidi ashukuru.

Ulipougua kweli, hakuja. Ulipokufa, alikuja na nyundo. Alikataza usioshwe, akakataza jeneza lisifunguliwe. Irine, wa miaka tisa, aliomba amwone baba yake, naye akamwambia mbele za watu, "Utaambukizwa." Mtu huambukizwa kwa kutazama? Wavuvi wa visiwani walilijua jibu. Kaka yako, mzee wa kanisa, hakulijua, au hakutaka.

Wapo wanaosubiri tuandike hapa ulikufa kwa ugonjwa gani. Hatuandiki. Ulitufundisha kwamba hilo si swali la kuuliza kabla ya kumpa mtu uji, wala kabla ya kumwosha.

Mwezi uliopita kaka yako alikuja Ngarenaro, mara ya kwanza tangu msiba. Anagombea udiwani Oktoba hii, na watu wanamwuliza habari zako. Alinikuta na daftari.

"Shemeji, kumbe siku hizi msomi!"

"Najaribu, shemeji."

"Basi kwenye tangazo la marehemu jina langu litangulie. Mimi ndiye mkubwa. Watu waone tulikuwa pamoja."

"Tulikuwa pamoja wapi, shemeji?"

Akatazama saa yake. "Hayo yamepita. Wewe andika tu."

Nilifunga siku tatu nikimwomba Mungu anionyeshe la kufanya. Mchungaji aliniambia nisamehe. Nilimweleza kwamba nasali kila alfajiri, na nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nanyamaza, halafu naendelea na yanayofuata, kwa sababu naogopa kumdanganya Mungu. Siku ya nne nilipanda Meru kumwuliza mama yako, kwa kuwa yule naye ni mtoto wake. Alikuwa akichambua kahawa. Hakuinua macho.

"Nilizaa wana wawili wa kiume," alisema. "Mmoja alinizuia kumwosha mwenzake. Usimwandike."

Basi jina lake halimo, si mwanzoni wala mwishoni. Hatumtakii kifo. Tunamwombea afya njema na umri mrefu, na kila mlango atakaopiga hodi kuomba kura, Bwana amweke humo mtu wa kumwuliza habari za misumari ile. Amwulize na mkewe. Wajukuu nao wamwulize.

Ibada ya kumbukumbu na ya kusimika msalaba itakuwa kihambani, Jumapili tarehe 20 Agosti 2000, saa nne asubuhi. Tutaweka picha yako juu ya meza, bila kitambaa wala kioo. Kila anayekuja atapita mbele yake na kukutazama usoni kadiri atakavyo.

Unakumbukwa na mama yako Rachel, mkeo Hanna, watoto wako Irine na Yoeli, dada yako Anande na mumewe Richard, pamoja na wenzako wote wa kikundi.

Siku zote za maisha yetu hatutakusahau, Baba Irine. Na yeye hatutamsahau.