Kamba ya Buluu Chini ya Gari

Otonglo, nyuma ya soko,
Kisumu.
14 Agosti 2024

Mpendwa Elsie, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Huko Doha kazi inaendaje, na ule mgongo umepoa? Sisi tuko wazima. Bibi yako bado anamaliza samaki mzima na kichwa chake, na mimi mjomba wako juzi niliinua injini peke yangu, watu wa soko wakaacha biashara kuangalia.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu Wekesa yuko kwa ile grupu ya familia. Lornah anasafiri kuja huko, atakuletea kwa mkono.

Elsie, mjomba wako mdogo, huyo huyo Wekesa, ameniuza.

Mwezi uliopita nilienda matanga Sondu, nikamwachia ufunguo wa ile gari yangu nyeupe, awe anawasha injini asubuhi betri isife. Niliporudi akasema haijatoka hata kwa geti. Nikamshukuru. Tena nilikuwa nimeshasema mbele ya Bibi kwamba mwaka ukiisha, gari ni ya Wekesa.

Jumanne ya wiki iliyopita mimi na Wekesa tukampeleka Bibi kliniki ya macho. Hatujafika town, Bibi akauliza nani anachoma mpira. Nikashuka. Gurudumu la nyuma la kushoto linatoa moshi. Nikadondoshea matone ya maji, yakaruka kama mafuta ya mandazi. La kulia, baridi kabisa. Bibi tukamtafutia tuktuk.

Fundi wa kawaida angebadilisha kila kitu. Lakini mimi si unanijua, lori la miwa lilinijia Muhoroni halina breki hata kidogo, nikalisimamisha kwa mkono wa kushoto. Sikuwa na haraka.

Nyumbani nikapiga jeki, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Likakataa, na hendibreki iko chini, nimeshaiachilia. Nikalegeza ile nati ndogo ya kutolea hewa, maana kama ni oili ya breki imekwama ndani, gurudumu lingeachilia. Halikuachilia. Basi si oili. Nikachomoa waya wa hendibreki pale nyuma ya gurudumu, likazunguka kama feni. Waya ndio ulikuwa unavuta na haurudi.

Nikaingia chini niufuate. Wekesa ndiye alinishikia tochi, ananiita Injinia, anacheka na mimi. Lakini kila nikifika katikati ya waya, mwanga unahama. Namwambia leta hapa, analeta kidogo, unahama tena. Nikadhani mkono umechoka. Mwisho nikapapasa kwa vidole.

Kamba, Elsie. Kamba ya nailoni ya buluu, ile ya kuvutia boti, imefungwa kwa waya wangu kwa fundo la wavuvi, na ganda la waya limepondeka. Mchanga umeganda pale, na omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, wamekaukia juu. Hapo nikajua gari ilienda Usenge, kule ufuoni kwa wavuvi, kubeba omena, ikazama mchangani, wakafunga kamba mahali pa kwanza mkono ulifika, wakavuta.

Nikatoka. Sikupiga kelele. Nikamwuliza, "Ulijua?"

Akaangalia tochi. "Braza, nilidhani itaachilia yenyewe."

Omena ningemkubalia. Angeniomba tu, ningeendesha mimi. Kinachoniuma, alijua, na bado akamfungulia mama yetu mlango, akamfunga mshipi, akakaa mbele akiongea habari ya mpira wa miguu. Halafu akaja kunishikia tochi.

Waya nimeweka mpya, nimeenda hadi karibu na Busia na kurudi, nikashika gurudumu kwa kiganja, vuguvugu tu. Bibi alishapata dawa yake ya macho. Yeye hajui, na usimwambie.

Wekesa anapita kuniamkia kila asubuhi, namwitikia. Ufunguo siku hizi nalala nao. Ile kamba nimeitundika kwa msumari pale mlangoni. Anainama kupita chini yake, hajawahi kuuliza ni ya nini.

Desemba nitakuchukua uwanjani mimi mwenyewe, kwa hivyo saa ya ndege niambie mimi peke yangu.

Nisalimie Joram mumeo na mtoto. Mama yako Dorca anakusalimu, na Bibi anasema ule vizuri. Mungu akufunike na akurudishe kwetu salama. Wekesa naye angekusalimu, ila sijamwambia naandika.

Ni mimi mjomba wako akupendaye siku zote,
Enos Wafula