Macho ya Ukutani

Mkabala na geti la kiwanda,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Mrefu,

Hujambo? Nakuuliza kwa dhati, si kwa mazoea. Kifua kinaendeleaje? Usingizi unakuja? Huku sisi wazima, ila mama analalamikia miguu, na mimi namlalamikia mama.

Simu yako inaita tu, haipokelewi. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori akufikishie.

Kitinda mimba wetu ni yule yule, rangi mpaka kwenye nyusi. Kesi ya kiwanda cha betri ilipozidi kupigwa danadana, aliuparamia ukuta unaotazama geti, akaanza kuwachora wote mliovuta ule moshi mkiwa kazini. Waliokufa amewafumba macho. Walio hai wamekodoa, ili tajiri akitoka na gari lake atazamwe. Na kweli, siku hizi anapandisha vioo! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa sicheki. Mwezi uliopita tulimkuta mchomeleaji kafumba macho pale ukutani. Nikamfokea Kitinda, kwa nini anamchuria mtu mzima wa afya? Akaapa hajamgusa. Jioni mke wa mchomeleaji akaja analia. Kisha ikawa zamu ya mpishi wa kantini, vivyo hivyo. Nilikwangua zile kope kwa ukucha. Rangi ilikuwa kavu, ya siku nyingi.

Mrefu, wewe amekuchora karibu na taa ya barabarani, na lile tabasamu lako la kukwepa kuosha vyombo. Tangu Alhamisi kope zako zinashuka. Asubuhi Kitinda anazipandisha kwa brashi, jioni zimelegea tena. Naogopa, mdogo wangu, sikufichi.

Na leo tajiri ametuma watu na ndoo za chokaa. Kitinda yuko juu ya ngazi, kagoma kushuka. Aliniambia, "Dada, wakimfuta Mrefu, tutajuaje?"  Nimeweka kiti changu chini ya ngazi, na hapa ndipo ninapokuandikia.

Nenda hospitali ukimaliza tu kusoma. Waambie ulifanya kazi wapi, wakupime damu. Usijitie ushujaa.

Mama anakusalimu, hatujamwambia kitu. Shangazi na jirani yetu fundi saa wanakusalimu pia. Mungu akitunze hicho kifua.

Nijibu upesi, na usimwagize mtu akuandikie. Nataka kuuona mwandiko wako. Nimeinua kichwa sasa hivi: bado unanitazama, kidogo.

Dada yako,
akupendaye kuliko anavyosema.