Mshika Kamba

Jumatatu, 2 Juni
Nimeshika kamba tangu asubuhi. Ndoo inapanda, namwaga mawe, nashusha. Wenzangu watatu wako chini ya duara, ndani ya shimo la dhahabu, mimi juu peke yangu. Timu mpya, hapa Mwakitolyo. Hatujuani. Asubuhi wamesalimiana mwangaluka, wakaendelea na Kisukuma chao. Mimi Muha wa Kasulu, nikaitikia na kwenda kushika kamba. Masanja, mkuu wetu, kaahidi kwamba tukizoeana nitashuka kuchimba nao. Ndicho ninachotaka. Huku juu upweke unanila.

Ijumaa, 6 Juni
Balaa. Kamba ilivutwa mara moja, nikapandisha. Kwenye maduara niliyotoka ndivyo tulivyofanya. Kumbe kwa Shija, mmoja wa wale wa chini, mara moja ni simama. Ndoo ilikuwa haijakaa sawa, jiwe likamwangukia begani. Kapanda ananitukana. Kulwa, mwenzao wa tatu, naye akamtukana Shija. Kila mtu kaja na desturi ya duara lake. Sikula. Hasira, na aibu zaidi ya hasira.

Jumamosi, 7 Juni
Masanja katukalisha chini. Mara moja simama, mbili vuta, tatu mtu anapanda. Tumerudia kama watoto wa chekechea. Shija hakunitazama.

Jumatano, 25 Juni
Kazi inakwenda. Sihitaji hata kuuliza nani kavuta. Kulwa anavuta kwa papara. Shija anasitasita tangu aumie. Mchana wanakula michembe, viazi vikavu, hukohuko chini. Kicheko kinanifikia, mwanzo wa kisa haunifikii. Nacheka kidogo nisionekane mjinga. Nani ananiona?

Jumatatu, 7 Julai
Nimeshuka! Nilimkumbusha Masanja ahadi yake, akamweka binamu yake kwenye kamba. Chini joto, vumbi, taa za kichwani. Nikangoja utani. Wapi! Kamba ikitikisika tu, wote wanaacha sululu na kutazama juu. Tumekula kimya. Hadi jioni mawe tuliyopata ni machache.

Jumanne, 8 Julai
Nimerudi juu. Aliyeomba nirudi ni Shija mwenyewe, mbele ya wote:
"Kaka, ukishika wewe, mimi nasahau kama kuna jiwe linaanguka."
Wengine wakaitikia, ndiyo, kamba ni yake. Sijawahi kuheshimiwa hivi tangu nizaliwe. Nilitamani kulia. Hawatanishusha tena, najua. Nikashika kamba.

Jumapili, 13 Julai
Mapumziko. Mama kapiga simu kutoka Kasulu. Kauliza kama nimepata watu huku. Nikamwambia ninao watatu, kazini hawamwamini mwingine ila mimi. Akafurahi, akamshukuru Mungu. Nikamsifia sana huyo Shija.
Akauliza, ni baba nani?
Sijui. Wala Kulwa simjui ni baba nani, wala Masanja. Nikasema mtandao unakatika. Nimefua nguo, nikaanika.