Bei ya Nyamabere

Kaka Magesa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Yule mtu anayemkosesha usingizi bosi wako wa zamani ni mimi.

Bwana Masatu anadhani anabishana na Mzungu. Ananiandikia kwa Kiingereza cha suti, "Mheshimiwa" huku na "Mheshimiwa" kule. Mimi! Nyangeta huyu huyu, ambaye mwalimu akiniuliza swali darasani machozi yanatangulia jibu. Lakini unajua mwenyewe, ile shule ya Buhare ilinifundisha Kiingereza cha kuandika kabla sijajua kusema kwa sauti lugha yoyote. Kwenye maandishi sina aibu.

Lile daftari ulilonipa nikutunzie ulipolazwa nililifungua baada ya kukuzika. Nisamehe. Kurasa za mbele zote ni za mnadani Bunda, mambo yako ya udalali wa ng'ombe. Ukurasa wa mwisho kuna neno la siri la domeini yako, ile anwani ya mtandaoni uliyoisajili kabla hujaajiriwa na mtu, kwa jina la Nyamabere, ng'ombe wa Bibi. Ulisemaga siku moja tutauza maziwa yetu wenyewe kwa jina lake, kwa sababu yule ng'ombe hakukaukaga.

Ukaenda ukamwambia Masatu wazo hilo, ofisini kwake Musoma, ulipoajiriwa kwenye kiwanda chake cha maziwa. Akacheka mbele ya wafanyakazi: "Mchunga ng'ombe na kompyuta, wapi na wapi!" Halafu akakufukuza kazi, jina akabaki nalo. Akalichapa kwenye pakiti za maziwa, akalipaka kwenye malori. Hayo ulinisimulia mwenyewe ukiwa kitandani, ukicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Usilolijua ni alichofanya msibani. Alisimama hapa hapa kwetu Mwitongo, mkono juu ya jeneza lako, akasema, "Jina la Nyamabere nililiota usingizini. Marehemu kijana wangu alinisaidia kuchapa tu." Watu wakapiga makofi. Msibani, kaka! Baba akamshukuru kwa mikono miwili. Na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba beseni la kunawisha wageni. Nilimmiminia maji mikononi. Akaniambia, "Wewe binti, bado huongei tu?"

Nikasema moyoni, subiri.

Alikuwa hajui domeini ni yako. Alijua tu kwamba imechukuliwa na mtu aliyejificha. Barua pepe yake ya kwanza, iliyonifikia kupitia waliosajili domeini, ilijifanya haina haja: eti jina lenyewe refu, gumu kutamka, anamtafutia mwanafunzi mmoja kwa ajili ya mradi mdogo. Nikakumbuka siku uliyonipeleka mnadani nikiwa darasa la tano. Kuna mzee alikuwa anaponda pembe za fahali wako, mara zimepinda, mara mojawapo ni fupi. Ukaninong'oneza, "Anayekosoa pembe keshamfunga kamba moyoni." Basi sikumjibu. Siku tisa.

Siku ya kumi akataja bei. Nikanyamaza. Kaka, akaongeza mwenyewe! Hakuna aliyemwomba. Nilijificha na simu kwenye zizi la mbuzi kama nimeiba. Ulisemaga mtu akinyamaziwa huongeza, maana ukimya anaujaza kwa hofu yake mwenyewe. Nilidhani ni maneno ya madalali tu. Kumbe huu unyamavu wangu, ambao Mama aliuombea kwenye jumuiya uondoke, ulikuwa mali.

Nikamjibu sentensi moja ya Kiingereza: lazima niulize wazee. Kama anayemjibu mshenga aliyekuja kuposa. Wazee gani? Nilikuuliza wewe.

Kosa lake unalijua. Amepaka malori yote, amepaka ukuta wa kiwanda, na bango kubwa liko njia ya Bunda na anwani yangu imeandikwa chini, kabla hajaipata. Ni kama amechinja fahali wa sherehe na mahari haijakubaliwa. Mtu wa hivyo huwezi kumwogopa hata akifoka. Na alifoka. Alitishia mwanasheria. Halafu akasema mwisho ni Ijumaa, baada ya hapo haitaki tena. Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi akaniulizia afya.

Kuna Jumapili moja kanisani alikaa benchi la mbele yetu. Wakati wa matangazo nikamwona anabonyeza simu kwa kidole kimoja. Simu yangu ikatetemeka ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilitazama shingo yake, ile mikunjo ya nyuma imelowa jasho, na nikafurahi. Nikaenda kupokea komunyo na furaha ile ile. Hiyo ndiyo dhambi, nadhani, siyo kujificha. Nje alimlalamikia Baba: "Mzee mwenzangu, kuna Mzungu mmoja, nyoka! Hasemi! Afadhali angenitukana." Baba akamwambia, "Mpe muda, labda kwao wanaongea taratibu." Nilikuwa nimesimama katikati yao.

Na kuna jingine, hili linaniuma. Bei aliyofikia ingeezeka nyumba ya Mama, ile ambayo mvua ikija tunahamisha vitanda. Sikumwambia Mama. Mara mbili nilitaka kukubali. Kila nikishika simu naliona beseni.

Basi jana nikamjibu kwa Kiswahili. Nikamwambia: "Bei yangu haina namba. Kesho Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi la Magesa, Mwitongo, na watu watakuwa wale wale wa msibani. Njoo useme mbele yao jina lilitoka kwa nani, na ulimtendaje aliyekuletea. Ukisema yote, nakuhamishia domeini bila senti." Chini nikaandika jina langu lote, na la Baba, ili asiseme hajui ni Nyangeta yupi.

Hakujibu. Nikaona safari hii anayenyamaza ni yeye, na nilihisi hofu unayoisema. Karibu niongeze neno. Nilijizuia, nikaiacha simu kwa Bibi.

Sasa hivi gari limeingia uani. Nimeijua ngurumo yake. Niko chumbani kwako, kwenye meza yako, nasikia malapa ya Mama yanakuja koridoni, na nyuma yake viatu vizito. Mama anasema, "Mbona mzee anamtaka Nyangeta? Huyo haongeagi na wageni."

Barua zote ninazokuandikia nimekuwaga nazichomeka chini ya godoro nikisikia hatua. Hii naiacha wazi mezani. Na wasome.

Pumzika, kaka. Ninakuahidi hivi: ataanza na nusu, nawajua watu wa aina yake. Atasema ulisaidia. Atasema mlishauriana. Sitabisha wala sitalia. Nitamtazama tu mbele ya watu wote, kimya, mpaka aongeze, na aongeze tena, mpaka ifike yote. Bei nimeitaja na sitaigeuza, maana wewe hukugeuzaga neno mnadani.

Na beseni la kunawa nimeliacha jikoni. Leo simbebei.

Mdogo wako,
Nyangeta